Jenereta ya dizeli ya 186F iliyotiwa petroli: ya kununua na ya kuacha

Kwenye maduka ya mashine zilizotumika, iwe Gerezani pale Kariakoo au mitaa ya vipuri ya Nairobi, haikosekani jenereta ndogo ya dizeli ambayo bei yake inatia shaka kwa kuwa nafuu mno. Fremu wazi, silinda moja, rangi bado inang'aa. Ukiuliza kasoro unajibiwa, "Ni nozeli tu hiyo, bosi." Mara nyingi jibu hilo lina maana moja: mtu aliijaza petroli, ikawaka kidogo, ikagonga, ikazima, na mwenyewe akaamua kuiuza kabla hajajua hasara imefika wapi.

Tathmini hii ni ya mashine hiyo hasa, yenye injini ya 186F. Viwanda vingi vya China huitoa kwa majina tofauti, lakini ndani ni kitu kimoja, muundo uliofuata Yanmar L100. Hukumu itangulie: inafaa kununuliwa, kwa masharti mawili. Kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) iwe nzima, na bei ikubaliwe kana kwamba pampu ya dizeli na nozeli (kile kipande kinachopuliza dizeli ndani ya silinda) havipo kabisa. Muuzaji akikataa hesabu hiyo, muachie.

Kwanza ijulikane unanunua nini. Silinda ni moja, kipenyo milimita 86, mwendo wa pistoni milimita 70, yaani sisi 406 (sentimita za ujazo, cc). Matoleo ya baadaye yana mwendo wa 72 na kufika sisi 418. Inapozwa kwa hewa, inapuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, na kwa umeme wetu wa hezi 50 inazunguka mara 3,000 kwa dakika. Kwenye krenki inatoa kilowati 5.7 hivi za kazi ya kuendelea. Ukiondoa kinachopotea kwenye koili, unabaki na umeme wa kilowati 4.5 au chini kidogo. Kwa hiyo ukiona imebandikwa namba 6500, 8000 au hata 10000, hiyo ni biashara ya karatasi. Na ukiipeleka nyanda za juu, nguvu inapungua zaidi: kwa injini isiyo na tabo (turbo) hesabu ya kawaida ni asilimia 3 hivi kwa kila mita 300 za kupanda, na Nairobi na Mbeya zote zipo karibu na mita 1,700. Friji, taa, televisheni na pampu ya maji ya farasi moja itabeba bila kelele. Mashine ya kusaga ya farasi tatu usiitarajie.

Mafuta inakula kiasi cha lita 1.2 kwa saa ikibeba kilowati 3, na hapo ndipo inapoishinda jenereta ya petroli ya ukubwa huo. Ndiyo sababu watu huhangaika kuifufua badala ya kuitupa.

Sasa petroli inaharibu nini? Dizeli ndani ya pampu ni mafuta ya kuwaka na pia ni oili. Plunja (fimbo ndogo inayosukuma dizeli ndani ya pampu) na ala yake vimepishana kwa maikroni chache tu, wakati unywele wa mtu una maikroni 70 hivi, na hakuna kinacholainisha hapo isipokuwa dizeli yenyewe. Petroli haina utelezi huo. Chuma kinasugua chuma, mistari midogo inachimbika, na tangu hapo mafuta yanapita pembeni ya plunja badala ya kusukumwa kwenda kwenye nozeli. Sindano ya nozeli nayo inapata yaleyale: inakwama wazi na kudondosha matone, au inakwama imefunga.

Upande wa pili ni kuwaka. Petroli imetengenezwa ili isijiwashe kwa mgandamizo, na dizeli imetengenezwa ili ijiwashe mara moja. Petroli ikipulizwa kwenye silinda ya dizeli inachelewa, inajikusanya, halafu yote inalipuka kwa pamoja. Huo ndio mlio mkali wa kugonga unaosikika kama nyundo. Ukiendelea, unavunja ringi au kingo za pistoni zinazoshika ringi. Kisha kuna mvuke: petroli huanza kuchemka ikiwa na joto la nyuzi 40 au chini ya hapo, na pampu hii imefungwa kwenye bloku inayopozwa kwa hewa. Mapovu yanaingia kwenye pampu, injini inakata ikiwa ya moto.

Habari njema ni kwamba 186F ina mfumo mfupi sana. Dizeli inashuka yenyewe kutoka tangini, inapita chujio, inaingia pampu, inakwenda kwenye bomba moja la chuma na nozeli moja inayofunguka kwa bar 200 hivi. Injini za kisasa za komon reli (bomba moja linalogawa mafuta kwa nozeli zote) zinafanya kazi kwa zaidi ya bar 1,000, na pampu ikisagika unga wa chuma unasambaa kwenye reli, nozeli zote na tangi. Hapa unga huo hauna pa kwenda isipokuwa vipande viwili vinavyobadilishwa kwa spana ya kawaida. Kwa hiyo anayekuambia dizeli yoyote iliyoonja petroli imekufa anasema habari za magari ya leo, na anayekuambia haina neno kwa sababu zamani madereva wa malori walichanganya kidogo wakati wa baridi Ulaya, naye anasema habari za pampu za zamani na dizeli ya zamani. Dizeli ya Afrika Mashariki ilishushwa salfa hadi ppm 50 (sehemu 50 kwa milioni) tangu 2015, na utelezi wake sasa unategemea viungo vinavyoongezwa. Ukiikata na petroli, unakata kile kidogo kilichopo.

Ukiwa dukani, usikubali iwashwe kabla hujaikagua. Anza na tangi. Chovya kijiti, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli inaruka kwa dakika chache na haiachi alama. Dizeli inabaki doa la mafuta kwa saa nyingi. Mchanganyiko unaacha doa, kwa hiyo karatasi peke yake haitoshi. Njia bora ni mizani ya jikoni na chupa ya kioo. Jaza chupa maji hadi mdomoni, pima, toa uzito wa chupa; gramu za maji ndizo mililita zake. Ikaushe kabisa, ijaze mafuta hadi mdomoni, pima tena, ugawanye. Kwa joto letu lita moja ya dizeli safi ina gramu 810 hadi 850. Petroli ina 710 hadi 765. Ukipata 780, unaangalia nusu kwa nusu au karibu na hapo. Chochote chini ya 800 si dizeli tupu, usikipe nafasi.

Mafuta ya taa ndiyo yanayovuruga kipimo hicho, maana uzito wake unaangukia katikati. Yanatofautishwa kwa pua na kwa karatasi, kwa sababu hayaruki haraka kama petroli. Na uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa si hadithi: Tanzania, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kemikali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa ajili hiyo, na Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Mafuta ya taa yanawaka vizuri ndani ya dizeli, hayagongi. Yanachosha pampu polepole. Jenereta iliyokunywa mafuta ya taa mwaka mzima inaweza kuwa na pampu mbovu kuliko iliyokunywa petroli dakika kumi. Usione imetulia ukadhani nzima.

Kinachofuata ni kijiti cha oili. Injini hii inachukua lita 1.65 tu. Oili ikiwa juu ya alama, nyepesi kama maji na inanuka petroli, petroli imeshuka kwa njia mbili: kupitia ringi bila kuwaka, na kupitia plunja iliyochakaa, kwani pampu imekaa juu ya kamshafti na kinachovuja chini kinaingia moja kwa moja kwenye oili. Oili ya hivyo haishiki beringi ya konrodi. Tena mvuke wake unavutwa na bomba la kupumulia hadi kwenye hewa ya injini, na injini inaweza kukimbia yenyewe hata ukifunga mafuta. Hapo muuzaji akisema "vuta kamba tuisikie," mwambie ngoja.

Kompresheni ipimwe kwa mkono. Geji ya kufunga kwenye tundu la nozeli ni nzuri kwa yenye starta na betri nzima; kwa kamba mwendo ni mdogo na namba itakudanganya. Usibonyeze dikompresa (kiwiko cha kuachia kompresheni), vuta kamba polepole mpaka ikukatalie, ushikilie. Injini nzima inakusukuma nyuma na kukaa hivyo sekunde kadhaa. Ikilegea mara moja, sikiliza hewa inatokea wapi: kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea, kwenye kisafisha hewa ni valvu ya kuingizia, kwenye tundu la oili ni ringi. Ikiwa ni ringi, usihukumu bado. Petroli huosha oili kwenye ukuta wa silinda, na ringi kavu haizuii. Juu ya kifuniko cha valvu kuna kizibo kidogo cha mpira. Kitoe, tia oili ya injini sisi 2, si zaidi, kirudishe, zungusha mara kadhaa dikompresa ikiwa imebonyezwa, upime tena. Kompresheni ikirudi, ringi zilikuwa kavu tu. Isiporudi, kuna ringi iliyovunjika au silinda iliyokwaruzwa, na hapo mashine ni ya vipuri. Kizibo hicho kikipotea, vumbi linaingia bila kuchujwa. Ukikikuta hakipo kwenye jenereta ya mtumba, hilo peke yake ni sababu ya kushusha bei.

Ukisharidhika, kazi ya kuifufua haina siri, ina utaratibu. Fanya nje, pasipo jiko wala sigara, nyaya za betri zikiwa zimetolewa. Wengi husahau kwamba sasa wanashughulika na petroli, si dizeli: mchanganyiko wenye petroli kidogo tu unatoa mvuke unaowaka kwa cheche.

Petroli na dizeli zikishachanganyika hazijitengi kama maji na dizeli. Huwezi kumwaga ya chini ukabakiza ya juu. Mwaga yote. Toa koki na chujio, chujio usilioshe, nunua jipya. Suuza tangi kwa dizeli safi lita 1, litikise, mwaga, rudia kwa lita nyingine. Usiingize maji wala sabuni. Toa mpira wa kuleta mafuta na ule mwembamba wa kurudisha kutoka kwenye nozeli, puliza yote miwili. Huu wa kurudisha ndio unaosahaulika, na una petroli ya kutosha kuichafua dizeli mpya. Mipira iliyovimba au kulainika ibadilishwe.

Ulichomwaga kiweke kwenye chombo cha chuma, andika, kipeleke kwa wanaokusanya oili chafu. Usikirudishe kidogo kidogo kwenye dizeli nzuri, na kwa vyovyote kisifike kwenye jiko au taa ya mafuta. Mafuta ya taa yenye petroli ndani ndiyo yanayolipua majiko na kuunguza familia.

Oili imwagwe ikiwa baridi, na iachwe idondoke usiku mzima, kwa sababu hutaki kuiwasha ili ipate moto. Chujio la waya la oili pembeni ya bloku lifunguliwe, lioshwe, liangaliwe: unga mwembamba wa kijivu ni kawaida, vipande vinavyong'aa ni beringi. Tia oili mpya ya 15W-40 ya daraja la CD au zaidi.

Sasa pampu. Nati za bomba la chuma ni spana namba 17. Safisha nje kwa brashi na dizeli kabla hujafungua chochote, maana chembe moja ya mchanga itamaliza kazi yote. Pampu imeshikwa na nati tatu, na chini yake kuna vibati vyembamba, mafundi wanaviita shimu. Unene wa shimu ndio unaoamua wakati wa kupuliza mafuta. Vihesabu, virudishe vilevile. Ukipoteza kimoja injini itagonga, ukizidisha itatoa moshi mweupe, na utailaumu nozeli bure.

Kosa linaloua watu na mashine liko kwenye kurudisha pampu. Pini ya reki ya pampu (fimbo inayoamua kiasi cha mafuta) lazima iingie ndani ya uma wa gavana, yaani kidhibiti cha kasi. Ikikaa nje, gavana haina mamlaka tena, na injini ikiwaka itapanda mzunguko mpaka ivunjike. Kabla ya kukaza nati, sogeza mkono wa kasi huku na huku uangalie reki inafuata. Kama huoni, toa uanze upya.

Kujua kama pampu ya zamani inafaa, itolewe plunja yake ndani ya dizeli safi, bila kugusa uso wake kwa vidole. Ivute juu theluthi mbili, isimamishe wima, iachie. Plunja nzima inashuka yenyewe polepole na sawasawa. Ikidondoka kwa haraka imelegea, ikisita imekwaruzwa. Sindano ya nozeli inapimwa vivyo hivyo. Kisha nozeli ikae kwenye mashine ya kupimia kwa fundi pampu: ifunguke kwenye bar 200 hivi, itoe ukungu kwenye matundu yote manne, na ukiipa mgandamizo wa bar 20 chini ya hapo kwa sekunde kumi isilowe mdomoni. Kuipima kwa kuigeuza nje na kuvuta kamba ni tabia ya mafundi wengi mitaani. Ukungu ule unapenya ngozi kama sindano na jeraha lake linahitaji upasuaji siku hiyohiyo, hata likionekana dogo. Tena ukiwa na masalia ya petroli unakuwa umetengeneza kiwasha moto. Lipia kipimo.

Kwa vipuri vipya, tahadhari ziko mbili. Pampu ya 178F inafanana sana kwa nje na ya 186F, na muuzaji asiye mwaminifu atakupa yoyote iliyopo. Injini ya 178F ina sisi 296. Pampu yake ikifungwa hapa injini itawaka vizuri sana na kufa ukiweka mzigo. Soma alama, linganisha na ya zamani mkononi. Pili, kuna pampu yenye nafasi ya valvu ya umeme ya kuzima na isiyo nayo. Kuhusu ubora, pampu za bei ya chini kabisa hazilingani: ndani ya sanduku moja utapata inayoteleza vizuri na inayokwama. Fanya kipimo cha plunja palepale dukani. Duka linalokataa kukufungulia pampu, tafuta jingine.

Chini ya nozeli kuna wosha ya shaba nyekundu. Ile ya zamani mara nyingi inabaki imenasa kwenye tundu la hedi. Ukiweka mpya juu yake, nozeli inakaa juu mno, ukungu unapiga mahali pasipo pake, moshi mweusi unaanza. Chungulia na tochi, itoe kwa waya uliokunjwa.

Kutoa hewa kwenye 186F ni kazi nyepesi. Fungua koki, legeza mpira unapoingia kwenye pampu mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza. Legeza nati ya bomba upande wa nozeli, mkono wa kasi ukiwa mahali pa kuwashia, bonyeza dikompresa, zungusha mpaka dizeli itokeze, kaza. Endelea kuzungusha polepole, tega sikio. Nozeli nzima ikipata mafuta inalia, mlio mkavu wa kukwaruza kila mzunguko wa pili. Usiposikia mlio huo usijichoshe kuvuta kamba. Ama bado kuna hewa, ama pampu haisukumi. Valvu pia zirekebishwe hapohapo, milimita 0.15 kwa zote mbili, injini ikiwa baridi.

Kabla ya kuwasha, tia tena zile sisi 2 za oili juu, na uwe na ubao bapa mkononi huku kisafisha hewa kimefunguliwa. Injini ikikimbia, ziba mdomo wa hewa kwa ubao, si kwa kiganja. Usiizime kwa dikompresa, unaharibu valvu. Starta isizungushwe zaidi ya sekunde kumi kwa mara moja. Na usipulize etha wala petroli kwenye hewa ili "iamke". Ni petroli hiyohiyo iliyoileta gereji.

Moshi mweupe dakika ya kwanza au mbili ni masalia. Ukiendelea huku injini ikigonga, bado kuna petroli kwenye mfumo au shimu si zenyewe. Iache bila mzigo kama dakika tano, kisha theluthi ya mzigo, pasi na taa zinatosha, kisha nusu. Baada ya saa moja izime, mwaga oili, tia mpya. Oili hiyo ya kwanza ni ya kuosha. Wanaoirefusha kwa kubana matumizi wanaweka akiba ya kununua krenki. Ibadilishe tena baada ya saa 20 za kazi.

Kipimo cha mwisho cha pampu ni kuwaka ikiwa ya moto. Ipe mzigo dakika ishirini, zima, subiri tano, washa. Pampu iliyochakaa inawaka asubuhi bila taabu na kukataa mchana, kwa sababu dizeli ya moto ni nyepesi na inapita pembeni ya plunja. Kwa uhakika, weka kitambaa chenye maji juu ya pampu kwa muda. Ikiwaka baada ya kupoa, umeipata.

Mafundi wengine huongeza oili ya tu-stroki kwenye dizeli, mililita 5 kwa lita, ili "kuilainisha pampu". Haidhuru, lakini mstari uliochimbika kwenye plunja haujazwi na oili. Ni kinga ya kesho, hairudishi iliyoharibika.

Upande wa umeme una maneno machache. Mzunguko usio na mzigo uwe hezi 52 hivi ili ukiweka mzigo ushuke kwenye 50, volti 230. Ikiwa injini inazunguka vizuri na umeme hakuna, mara nyingi kukaa muda mrefu kumeondoa sumaku iliyobaki kwenye chuma. Angalia brashi kwanza, kabla hujanunua AVR (kidhibiti cha volti).

Kati ya fremu wazi na ile ya sanduku inayopunguza kelele, kwa mashine iliyotiwa petroli chagua fremu wazi bila kusita. Injini ni moja, lakini kwenye sanduku pampu imejificha nyuma ya mabati na mabomba ya hewa, kunusa uvujaji ni vigumu, na joto ni kubwa zaidi, jambo ambalo pampu iliyochoka hailiwezi. Ya sanduku inunuliwe ikiwa tayari imetengenezwa na kuwashwa mbele yako ikiwa ya moto.

Ikiwa kesi ni kinyume chake, dizeli ndani ya jenereta ya petroli, usipoteze usingizi: mwaga, osha kabureta, safisha plagi, badilisha oili, kwisha.

Hesabu ya kwenda nayo dukani ni hii: pampu kamili, nozeli kamili, wosha ya shaba, chujio la dizeli, mipira, oili lita 3.3 kwa mara mbili (kopo la lita 4 linatosha), dizeli ya kuoshea lita 3, na ada ya fundi pampu. Jumlisha kwa bei za siku hiyo, utoe kwenye bei ya jenereta kama hiyo iliyo nzima, kisha utoe tena robo kwa yale usiyoyaona. Hapo ndipo mazungumzo yaanzie. Lakini ukisikia mlio mzito wa kugonga unaotoka chini, si juu, na hauondoki hata kwa dizeli safi, beringi ya konrodi imekwenda. Krenki, konrodi, pistoni na ringi vikijumlishwa vinakaribia bei ya injini mpya ya 186F, na hapo unachonunua ni koili na fremu. Lipa bei ya koili na fremu.